Siku Redio Alipoziba Mdomo

Kwenye soko la vyuma walimwita Redio, na jina hilo hakulikataa, maana mdomo ndio uliomlisha. Alianza kwa kubeba mizigo ya watu mgongoni. Kutoka hapo akauza spana kuukuu juu ya turubai, kisha mipira ya maji, hatimaye pampu za petroli zilizokwishatumika, na ngazi zote hizo alizipanda kwa ulimi. Mtu akija kutafuta bolti aliondoka na pampu, na njiani akajipongeza kwamba yeye ndiye aliyemlalia Redio bei. Kiingereza nacho alikiokota hukohuko, kwa madereva wa malori, akawa anakizungumza kama mtu anayeendesha baiskeli mbovu: breki hamna, lakini anafika.

Kwa hiyo mteja wake mkubwa wa ng'ambo ya mpaka alipompigia simu kulalamika kwamba pampu zinaungua, Redio hakutikisika.

"Zinaungua kwa sababu watu wako hawajui kuziwasha," alimjibu.

"Basi waandikie. Karatasi moja, ya Kiingereza, mtu asome awashe. Gari langu linakuja mwisho wa mwezi. Dereva akisoma akawasha, anapakia mzigo. Akishindwa, anavuka barabara kwa jirani yako."

Simu ikakatwa. Mteja huyo ndiye aliyekuwa akibeba karibu kila pampu iliyoingia dukani. Akihama, Redio angerudi kuuza mipira kwa vipande, na dada yake, waliyeshirikiana naye duka, alishamwambia wazi kwamba yeye kwenye turubai harudi tena.

"Iongeleshe hiyo karatasi, kaka," dada alimtania. "Huenda ikakuitikia."

Kuandika Kiingereza Redio hakujua, basi akaulizia mtu wa kumwandikia, akaelekezwa kwenye chumba kilicho nyuma ya kiwanda kidogo cha kuchapa kadi. Humo sakafu ilitetemeka kila mashine zilipozunguka, na harufu ya wino ilikuwa nzito kiasi cha kuionja. Mwalimu alikuwa mama mfupi, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliwafundisha kuandika Kiingereza watu wazima ambao kukizungumza walijikaza wakaweza, lakini kalamu iliwagomea. Wanafunzi walimwita Mwalimu Ziba, na Redio hakujua bado ni kwa nini.

"Mwalimu, mimi sitaki darasa," alisema. "Niandikie ukurasa mmoja tu wa kuwasha pampu, uende na gari la mteja ng'ambo. Taja bei."

"Pampu inawashwaje?"

"Ah, rahisi! Unashika hivi, unafanya hivi..." Mikono yake ilikuwa tayari hewani.

"Hiyo mikono utaituma na gari?" Mwalimu akauliza. "Mimi pampu siijui. Nikikuandikia, nitaandika uongo wenye sarufi nzuri. Kaa pale."

"Nitakupa mara mbili ya ada."

"Kaa pale, mzee."

Hakupandisha sauti, wala hakuongeza neno. Yeyote aliyewahi kupatana bei sokoni anajua maana yake: mtu wa namna hiyo hashuki. Redio, aliyewahi kumuuzia pampu mtu asiye na kisima, akavuta benchi akakaa.

Alikaa karibu na binti mmoja msusi, mcheshi, na mbele yao alikuwepo mlinzi wa ghala, bonge la mtu, vidole kama mihogo. Siku hiyo ilikuwa zamu ya msusi. Alikuwa ameandika namna ya kugawa nywele kabla ya kusuka. Mwalimu akaweka mezani kichwa cha plastiki chenye nywele bandia, akampa mlinzi kitana na karatasi, kisha akamgeukia msusi.

"Ziba."

Msusi akajiziba mdomo kwa kiganja. Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba kile: aliyeandika haruhusiwi kusema, kuonyesha, hata kukohoa kwa maana. Karatasi ndiyo inayosema.

Mlinzi akasoma polepole, midomo ikicheza. Akapima kwa kidole kutoka katikati ya paji la uso. Akaweka ncha ya kitana. Akasoma tena, akavuta nyuma hadi kisogoni. Nywele zikafunguka, na mstari ukatokea umenyooka kama uliopigwa rula. Mlinzi mwenyewe akarudi nyuma, akaiangalia mikono yake kama ya kuazima.

Redio aliinuka nusu kwenye benchi. Alizoea kuona watu wakifanyishwa mambo, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini siku zote ilibidi awepo, atoe jasho, acheke, aapie watoto wake. Huyu binti alikuwa amekaa tu, mdomo umezibwa, na ufundi wake ukatoka ukaingia kwenye vidole vya mlinzi wa ghala.

"Ule ni uchawi," alimnong'oneza.

"Uchawi gani? Nimeandika mpaka nikachukia nywele," msusi akasema.

Redio akaandika. Ukurasa wake wa kwanza ulianza kwa salamu na heshima zote kwa mnunuzi mtukufu, ukaisifu pampu, ukaisifu nchi ya mnunuzi, ukamwombea afya. Mwalimu aliusoma wote bila kubadilisha uso.

"Akifika hapa, msomaji afanye nini?"

"Afurahi."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu akapiga mstari kuanzia juu hadi karibu na chini, akasaza maneno mawili: vuta kamba.

"Hapa ndipo ulipoanza," alisema. "Sasa rudi nyuma. Kabla ya kuvuta kamba, mkono wako ulikuwa wapi?"

Wiki nzima Redio aliwasha pampu dukani kwa mwendo wa kinyonga, akiutazama mkono wake na kuandika. Dada yake akamuuliza kama amerogwa. Jumamosi mchana akaileta pampu kwenye ua wa nyuma wa kiwanda, pamoja na pipa la maji na karatasi yake. Akachaguliwa msusi awashe.

"Ziba, mzee."

Akaziba. Msusi akasoma, akaangalia oili. Akafunga mpira wa kunyonyea, akakaza kwa bisibisi, akatumbukiza chujio pipani. Akafungua petroli. Akavuta kamba, mara ya kwanza ikakataa, ya pili injini ikanguruma. Wachapaji wakatoa vichwa dirishani. Watu wote wakautazama mdomo wa mpira wa kutolea maji.

Halikutoka hata tone.

Injini ilizidi kupiga kelele, na Redio akaanza kusikia ndani yake ule mlio mkavu anaoufahamu. Akaruka, akaizima.

"Inaungua! Hujaijaza maji! Ile pampu lazima uimwagie maji tumboni kwanza, kila mtu anajua!"

"Kila mtu nani?" msusi akauliza, mikono kiunoni. "Mimi si mtu?"

"Tuonyeshe kwenye karatasi," Mwalimu akasema.

Redio akaichukua karatasi, akaipitia kwa macho kutoka juu hadi chini. Habari ya maji haikuwepo. Kitu ambacho mkono wake ulikifanya kila siku, kopo la maji kwenye kizibo cha juu, ulikifanya huku mdomo ukisimulia mambo mengine, na mdomo haukuwahi kukitaja. Si kwenye karatasi hii tu. Akakumbuka wateja wote wa ng'ambo aliowawashia pampu mbele ya macho yao huku akiwachekesha. Walikuwa wakiutazama uso wake. Nani angeangalia kopo?

Msusi baadaye aliapa kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kumwona Redio kimya bila kuamriwa.

"Mimi nilifundisha shule miaka mingi," Mwalimu alimwambia wakikunja mpira. "Watoto wangu walipata alama kwa maneno makubwa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwandikia mgeni njia ya kufika kwao. Unachokijua sana ndicho unachokisahau. Kaa uandike."

Akaandika kwa Kiingereza kifupi, kikavu: juu ya pampu kuna kizibo cheusi. Kifungue. Mimina maji mpaka yafurike. Kifunge. Usiwashe kabla ya hapo.

Mwisho wa mwezi gari likaja. Dereva alikuwa kijana mwembamba asiyejua neno la Kiswahili, na pampu hajawahi kuigusa. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikwishasimama mlangoni kwake, tayari kupokea. Redio akampa dereva karatasi, akaelekeza kidole kwenye pampu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kaka, unaumwa?" dada akanong'ona. "Mwambie kitu! Mtu anaondoka huyo!"

Redio akatikisa kichwa.

Dereva akasoma. Akakaza mpira. Akasita mahali, akarudia mstari, akaendelea. Kidole chake kikatafuta juu ya pampu, kikakuta kizibo cheusi. Akakifungua. Akatazama huku na huku, akachukua kopo, akamimina hadi maji yakafurika na kumlowesha viatu. Yule mtu hakujua hata Kiswahili cha kununulia chai, naye alikuwa anafuata mawazo ya Redio hatua kwa hatua, kana kwamba Redio amekaa ndani ya kichwa chake.

Kamba ikavutwa. Injini ikawaka, mpira ukajaa ukakakamaa, na maji yakaruka yakavuka barabara hadi kwenye mlango wa jirani. Dereva akapiga ukelele wa furaha. Dada akajishika kichwa.

Redio alibaki juu ya ndoo, kiganja mdomoni, macho yamemtoka. Hata gari lilipoanza kupakiwa hakukumbuka kukishusha.

Alasiri ile ile alikuwa kwenye chumba chenye harufu ya wino. Mwalimu alidhani amekuja kuaga.

"Wamechukua mzigo wote," Redio alisema. Akatandaza karatasi mezani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Lakini hapa alisita. Nilimwona. Kwa nini alisita?"

Mwalimu akavaa miwani yake, akausoma ule mstari, kisha akamsukumia kalamu.