Sharifu Aliyetoka Mbali

Alimasi alichimba makaburi ya Rumonge tangu Wadachi hawajaja, na wakubwa wote waliolala pale juu aliwalaza yeye: Suud mwenye pembe za ndovu, kadhi wa kwanza, mwalimu wa chuo aliyechapa watoto wa mji mzima. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Waungwana walizikwa juu, kwenye changarawe. Watumwa walizikwa chini kwenye matete, ambako masika ziwa hupanda na kaburi hujaa maji kabla maiti haijafika.

Mkewe, Chausiku, alivushwa ziwa hilo utotoni kutoka Manyema, amefungwa kamba mtumbwini. Maishani alimwomba mumewe jambo moja tu.

"Usinilaze mu mayi."

Alimasi akaahidi kwamba hatamlaza majini. Siku moja akainua tuta tupu katikati ya wakubwa, akasimika mawe kichwani na miguuni, akanyamaza.

Mwaka uliofuata akaja Mdachi na daftari. Kila kaburi liwe na jina. Lisilo na jina lisawazishwe. Kidole chake kikafika kwenye lile tuta.

"Huyu nani?"

"Sharifu," akasema Alimasi. "Alitoka mbali."

Mdachi akaandika. Mzee Amur, mwana wa Suud na mkubwa wa mji, aliyefuatana naye, hakumkumbuka sharifu yeyote, lakini hakutaka kuonekana mtu asiyejua watu wa heshima. Akaongeza kwamba walijuana sana.

Tangu hapo mji ukampenda marehemu. Kina mama walimletea ubani kila Alhamisi. Amur, ambaye alikuwa na mabinti watupu, aliweka nadhiri pale, akapata mtoto wa kiume, akamwita Sharifu. Alimasi alifagia kaburi na kula halua ya nadhiri, maana halua haikuwa na kosa.

Miaka tisa baadaye Chausiku akafa, katikati ya masika. Amur akaonyesha upande wa matete. Alimasi akalia mbele yake bila haya, kisha akasema:

"Muzee, kule juu Sharifu hakuna. Ile kaburi iko tupu. Nilimuwekea bibi yangu."

Amur alimfikiria mwanawe, na jina lake, na mbuzi wote aliowachinja.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi kaburi la Sharifu limetitia kwa mvua. Nenda ukalitengeneze."

Likatengenezwa mchana uleule. Maziko ya mtumwa hayana watu. Walikuja Wamanyema wanne, wapiga makasia, hodari wa kunyamaza. Udongo ulikuwa mkavu mpaka chini.

Ijumaa Amur alikuja makaburini, akavua viatu kama desturi yake. Miaka yote ile Chausiku alimwamkia kila asubuhi njiani, naye alipita bila kugeuza shingo. Sasa alisimama upande wa kichwa, akakohoa kidogo.

"Asalaam alaykum, Bibi," akasema.

Alimasi akaweka jembe chini, akaitikia kwa niaba ya mkewe.