Saksofoni Iliyokataliwa Mlangoni

Maestro Clovis, kiongozi wa okestra ya Uvira, alipoingia katika atelie ya ushonaji ya Pélagie mtaani Kimanga, Pélagie alikuwa na pini nne mdomoni, anapima kiuno cha mteja wake Generose. Hakuzitoa. Alimtazama mgeni juu chini, suruali iliyopigwa pasi na viatu vilivyojaa vumbi la barabara kuu, halafu akarudi kwenye kiuno cha Generose kana kwamba aliyeingia ni upepo.

"Mama Keza, jambo," alisema Clovis, akimwita Pélagie kwa jina la mtoto wake.

Pini zikatoka moja moja, zikachomekwa kwenye kitambaa.

"Jambo, Maestro. Iko nguo ya kushona?"

"Hapana. Niko na lazima na weye." Clovis alikohoa. "Kuna muziki moja tuko tunatayarisha kwa ile konseri ya Siku kuu. Wageni watatoka Bujumbura. Sasa ndani ya ile partisyon, ile karatasi ya muziki, mutungaji aliweka saksofoni."

"Saksofoni? Mu okestra?"

"Ndiyo. Njo vile aliandika."

"Ajabu," alisema Pélagie. "Minye nilijua saksofoni haiko mu okestra ya kweli. Muntu moja njo aliniambiaka."

Generose, aliyesimama na nguo nusu imeshonwa nusu imefungwa kwa pini, aliinamisha uso. Hakuna mtu wa Kimanga aliyekuwa hajui habari ile.

Habari yenyewe ilikuwa ya miaka kumi na miwili nyuma. Baba yake Pélagie, mzee Manirakiza, alipuliza saksofoni katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia, kwa miaka thelathini, kwenye maandamano ya Pasaka, kwenye misiba na kwenye sherehe za mapadri wapya. Mapafu yalipomchoka alimfundisha bintiye, maana watoto wake wa kiume walipenda mpira tu. Pélagie akakishika chombo kile akiwa na miaka kumi na mitatu, na alipofika ishirini alikuwa amempita baba yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia watu hivyo.

Kisha Clovis akarudi kutoka Kinshasa, alikosomea muziki, akaanzisha okestra. Violini na selo zilitolewa na wafadhili, ila karatasi za muziki zilikuwa chache, umeme wa kutolea nakala ukikatika kila siku. Pélagie alikuwa na mwandiko mzuri. Clovis akamwambia: ninakilie sehemu za wapigaji wote, na siku tutakapotoka mbele ya watu nawe utakaa pamoja nasi na saksofoni yako. Pélagie alinakili miaka miwili. Vidole vilikuwa na wino kuliko uzi. Alijua kila wimbo wa okestra ile, sauti ya kila chombo, kuliko Clovis mwenyewe.

Siku ya konseri ya kwanza alikuja na shati jeupe na sketi nyeusi kama wenzake, saksofoni imefungwa shingoni. Clovis alimsimamisha mlangoni mwa ukumbi. Akasema, kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma, kwamba hii si bendi ya baa, kwamba katika okestra ya kweli chombo kama kile hakina kiti, na akirudishe kule kunakonywewa bia. Wapigaji wakacheka. Wengine walicheka kwa kumwogopa Clovis, lakini walicheka, huku mbele yao wamefungua karatasi za mwandiko wa Pélagie.

Mzee Manirakiza alikuwa ameketi safu ya tatu, amevaa koti lake la ndoa. Aliinuka, akamshika bintiye mkono, wakatembea hadi nyumbani Rugenge. Tangu siku ile mzee hakumwomba tena ampulizie hata wimbo mmoja jioni. Akafa mwaka wa pili yake, na Pélagie, aliyekwisha kuzika watu wengi wa fanfari kwa saksofoni, hakuweza kupuliza kwenye kaburi la baba yake.

Kwa hiyo sasa, akiwa na Clovis mbele yake, alitaka jambo moja kwanza.

"Sema hapa, Generose asikie. Sema ulidanganya mbele ya baba yangu."

Clovis alitazama cherehani, akatazama mlango. "Nilikosea, Mama Keza. Tuache mambo ya zamani."

"Sikusema kukosea. Nilisema kudanganya."

"Nilikosea," alirudia Clovis.

Angeweza kumfukuza. Generose alidhani atamfukuza. Lakini kumkatalia kungekuwa kitu kidogo mno; Clovis angempa mtu wa klarineti sehemu ile na maisha yangeendelea. Pélagie alifikiri kwa muda wa kushona mshono mmoja, akasema, "Nitakuja Jumamosi."

Baadaye alisikia kwamba Clovis alikwisha kujaribu hiyo klarineti. Aliyemzuia ni Bénédicte, mwalimu wa muziki kutoka Bujumbura aliyetarajiwa kuja kuwasikiliza na kuamua kama okestra ya Uvira itaalikwa ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amemwandikia Clovis: mtungaji aliandika saksofoni, basi nategemea kusikia saksofoni. Clovis alikuwa ameuchagua muziki ule wa Mfaransa ili kujionyesha, kabla hajafungua kurasa za katikati.

Kwenye repetisyon, yaani mazoezi, Pélagie alikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Alifika mapema, akalowesha mdomoni ulimi wa mwanzi wa saksofoni yake, akakaa kati ya klarineti na selo alikopangiwa. Sehemu yake ilikuwa na milango miwili, mahali pawili pa kuingia na kupuliza. Wa kwanza ulikuwa mfupi, vipimo kumi na sita vya muziki, violini zikitetema chini na saksofoni ikibeba wimbo peke yake. Wa pili ulikuja karibu na mwisho, wimbo uleule lakini mrefu zaidi, okestra nzima ikiwa nyuma yake. Alipoupuliza mara ya kwanza, wapigaji waliacha kugeuza kurasa. Sauti ilitoka nzito na laini, si ya shaba kama tarumbeta wala ya mti kama klarineti, kama mtu mzima anayeimba mdomo umefungwa. Kijana mmoja wa violini alisema kumbe Mbelgiji aliyekibuni chombo hiki alikusudia kikae humuhumu. Clovis akajifanya hakusikia.

Jumamosi ya pili, Clovis alianza kumsifu. Ya tatu, akamwita "saksofoni yetu." Neno hilo "yetu" lilimchoma Pélagie kuliko tusi la zamani. Aliitikia kwa kichwa na kutabasamu, na akaendelea kupanga.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Siku yenyewe, mlango wa kwanza ukifika, hatapuliza. Atakaa, mikono juu ya mapaja, amtazame Clovis usoni, violini zikitetema chini ya wimbo usiokuwepo, wageni wa Bujumbura wakiona okestra yake ikiwa imetobolewa katikati.

Mzee Étienne, aliyepiga besi kubwa na aliyekuwapo siku ile ya mlangoni, ndiye pekee aliyemsoma. Walipokuwa wakifunga vyombo alimwambia taratibu:

"Mama Keza, weye uko unaficha kitu. Minye nakuona."

"Hapana, papa."

"Siku ile minye nilicheka. Nilikuwa na aibu, lakini nilicheka. Kama uko na hasira, nami niko ndani ya wale unawakasirikia."

Pélagie alifunga sanduku la saksofoni. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa okestra kulitaja jambo lile bila kuombwa, na hakutaka kulainika.

Siku kuu ikafika, mchana wa Jumapili wenye joto la kukausha mate. Ukumbi wa parokia ulijaa. Watu walikuja hata kutoka Luvungi kwa pikipiki, wamevaa vitenge vipya, baadhi yao vimeshonwa na Pélagie. Bénédicte aliketi safu ya mbele, mwanamke mnene mwenye miwani, partisyon imefunguliwa magotini. Clovis akapanda jukwaa kwa koti jeusi. Jasho lilikuwa limeshaanza shingoni.

Muziki ukaanza. Kurasa zikaenda vizuri. Violini zikaanza kutetema, na Clovis akageuka upande wa Pélagie, akamwinulia mkono wa kushoto kama mtu anayemfungulia mgeni mlango.

Pélagie aliweka mikono mapajani.

Mkono wa Clovis ukabaki hewani. Macho yake yakatoka. Kipimo kimoja, viwili, vitatu. Pélagie alimkazia macho, akihesabu. Hiki ni cha mlangoni. Hiki ni cha kicheko. Hiki ni cha baba. Alipofika kumi akatupa jicho ukumbini ili aone aibu ya Clovis kwenye nyuso za watu.

Hakukuwa na kitu. Watu walikuwa wakisikiliza. Mwanamke mmoja alikuwa akijipepea kwa karatasi ya programu, mwingine akimlaza mtoto begani, mzee mmoja akitikisa kichwa kwa furaha, akiufuata mtetemo wa violini. Hawakuwahi kuusikia muziki ule. Hawakujua kwamba kuna kitu kimekosekana. Ni Bénédicte peke yake aliyevua miwani na kuitazama partisyon yake tena.

Vipimo kumi na sita vikaisha, okestra ikaendelea mbele. Na Clovis, alipotambua kwamba ukumbi haukugundua, akashusha pumzi, na pembeni mwa mdomo wake kikapita kitu kama tabasamu. Pélagie alikielewa vizuri sana: unaona? Okestra inakwenda bila wewe.

Damu ikampanda kichwani. Miaka kumi na miwili ya kungoja, na kwa mikono yake mwenyewe amethibitisha neno la mtu yule mbele ya watu mia tatu. Akakishika chombo cha baba yake. Vidole vilikuwa baridi katika joto lile.

Mlango wa pili ulipokuja Clovis hakumpa ishara. Alimgeuzia bega, akaashiria klarineti ichukue. Pélagie aliingia bila kungojea mkono wa mtu.

Aliingia kwa nguvu kuliko ilivyoandikwa, vichwa vya safu zote vikageuka. Kisha akapunguza mwendo. Fimbo ya Clovis ilikwenda haraka. Pélagie akaivuta sauti ya kwanza hadi mwisho wa pumzi yake, ya pili akaivuta zaidi. Kwa vipimo viwili okestra iliyumba kama gari kwenye matope. Halafu mzee Étienne akaiacha fimbo. Akageuza kichwa, akaweka besi yake chini ya pumzi ya Pélagie. Selo zikamfuata Étienne, violini zikazifuata selo. Clovis alipiga hewa kwa nguvu, akapiga mguu chini, akawakaripia kati ya meno, na hakuna aliyemtazama. Watu arobaini walikuwa wakimtazama mwanamke mwenye saksofoni, wakivuta pumzi alipovuta, wakishuka aliposhuka. Mwishowe mkono wa Clovis ulianza wenyewe kufuata. Hakuwa na la kufanya. Aliongozwa hadi sauti ya mwisho, na Pélagie akaishikilia hiyo mpaka alipotaka yeye.

Ukumbi ulilipuka. Mzee wa safu ya nyuma alisimama juu ya benchi. Bénédicte alikuja moja kwa moja kwa Pélagie, akampita Clovis.

"Mara ya kwanza hukupuliza," alisema. "Kwa nini?"

"Nilikuwa na sababu, mwalimu."

Bénédicte alimtazama kidogo. "Bujumbura utapuliza mara zote mbili," alisema, akamgeukia Clovis. "Mtakuja, lakini pamoja naye. Bila yeye, msije."

Étienne alipomwendea Pélagie nje alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Pélagie alimshika mkono, akamwambia asante, papa. Huyo alimsamehe.

Lakini Clovis, Pélagie hakumsamehe, na hamsamehe mpaka leo. Alikubali kiti cha kudumu kwa sharti kwamba jina la mzee Manirakiza liandikwe kwenye programu kama mwalimu wake, na Clovis akaliandika kwa mkono wake mwenyewe. Kila Jumamosi Pélagie hufunga atelie saa nane, huenda kwenye repetisyon, hukaa mahali ambapo Maestro hawezi kuinua macho bila kumwona. Hupuliza vizuri, hakosi. Ila kila sehemu yake inapokaribia, huacha mikono mapajani mpaka nusu ya kipimo cha mwisho kabla ya kuingia, akimtazama, ili Clovis asijue kama atapuliza au la. Jasho humtoka Clovis shingoni hata siku za mvua. Ndipo Pélagie anapoinua saksofoni.