Ugonjwa Uliotazama Saa

Leo nilikusudia kuendelea na habari ya migomba inayonyauka, kama nilivyowaahidi wasomaji wangu, lakini Jumanne nilipigiwa simu kutoka Ntobeye kwamba aliyekuwa mpiga kengele wa kijiji chetu amefariki. Aliyepiga simu ni kaka yake, mtu asiyepoteza maneno. "Dipuroma, mtu wako wa saa sita ametutoka. Tunazika kesho." Dipuroma ndilo jina nililopewa kijijini siku niliporudi na diploma ya kilimo, na sijawahi kulikataa, hata hiyo "r" iliyojipenyeza katikati. Ni watu wachache duniani wanaoitwa kwa cheti chao. Nilijisomesha kwa kubeba mizigo ya watu kichwani, bila mjomba hata mmoja ofisini, na jambo hilo hulisema kila ninapopata nafasi. Leo nimeipata.

Miaka ile tulikuwa katika kijiji cha ujamaa, na shamba la pamoja lilianza kulimwa alfajiri. Marehemu, ambaye alikuwa rika langu, alilima asubuhi kama trekta. Ikifika saa sita, jua likipanda utosini, miguu yake ililegea, macho yakaingia ukungu, naye akajikokota hadi mtoni, akatumbukiza miguu na kujimwagia maji kichwani. Baada ya muda alisimama wima na kuanza kutania wapita njia. Jua la kesho yake likipanda, mambo ni yale yale. Katibu wa kijiji alisema ugonjwa huo una saa mkononi. Siku hizo mtu anayekula jasho la wenzake aliitwa kupe, na neno hilo likishamng'ang'ania mtu, hata mke wake haazimwi jembe. Kwa hiyo siku ya kugawana maharage ya shamba la pamoja, mkutano uliamua kwanza kuchunguza kama marehemu alikuwa mgonjwa au kupe.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mgonjwa," alisema. "Mbona kaka yako, baba mmoja na tumbo moja, analima mpaka jua linazama?" mwenyekiti aliuliza. "Labda yeye alikula vizuri, mimi nikakuta mabaki." Watu walicheka, hata mama yake. Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Dipuroma, wewe ndiye uliyesoma. Huyu ni mgonjwa au mvivu?" Wasomaji wangu, diploma yangu ilikuwa ya mimea. Ningeulizwa juu ya kutu ya kahawa ningetoa hotuba hadi jioni. Lakini nani kati yenu amewahi kuulizwa jambo mbele ya kijiji kizima, katika suti mpya, akajibu kwamba hajui? Nilisimama, nikakohoa kisomi, nikatamka: "Kitaalamu, hakuna ugonjwa unaotazama saa." Nilipigiwa makofi ambayo mpaka leo nayasikia. Marehemu alinyimwa mgao, akapewa kazi ya kupiga kengele, yaani ringi kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, kwa sababu ilikuwa kazi ya kivulini na ya aibu. Tulipotawanyika alinipungia mkono. "Ahsante, Dipuroma. Leo nimeponywa bila hata sindano."

Vita vya Kagera vilipoanza, mapigano yalikuwa mbali nasi, lakini mgambo walilinda kila njia. Kizuizi cha kuelekea Murusagamba kilihitaji kengele, kwa hiyo ringi na mpigaji wake wakahamishiwa huko, miongoni mwa mgambo wasionijua. Mchana mmoja nilifika hapo nikitoka kukagua mihogo, nimevaa miwani ya jua na kushika mkoba. Waliponiuliza ninakotoka niliwajibu kwa Kiswahili safi cha chuoni, na hilo ndilo lililoniponza. "Huyu anaongea kama redio," mmoja alisema. "Mtu wa huku haongei hivi. Haya bwana, tusalimie kwa Kihangaza!" Tangu nirudi nilikuwa nikijidai nimekisahau Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwa heshima ya diploma. Siku hiyo, kwa hofu, nilikisahau kweli. Wakaamuru kengele ipigwe mfululizo, mlio wa hatari. Ilivyozidi kulia ndivyo watu walivyozidi kuja kutoka mashambani, na kila aliyekuja alikuja na fimbo yake. Hawakuwa watu wabaya. Waliitwa kulinda nchi, nao walikuja kuilinda, ila aliyekuwa katikati ya fimbo hizo nilikuwa mimi, mtoto wa nchi hiyo hiyo. Nikaanza kueleza kwa sauti ya juu chuo nilichosoma na jinsi nilivyofaulu.

Ghafla kengele ikanyamaza. "Piga, wewe!" mgambo alifoka. "Sipigi. Huyo si mpelelezi, ni Dipuroma wa kwetu Ntobeye." "Unamwona vizuri?" "Saa hizi simwoni mtu yeyote. Nimemtambua kwa majivuno. Mpelelezi gani wa nduli angejitangaza hivyo?" Walicheka, fimbo zikashuka, nikarudishiwa mkoba. Nilipomshukuru, alinijibu bila kunitazama, "Si kitu. Na wewe sasa umejua ladha ya kuitwa usichokuwa."

Miaka mingi ilipita kabla hatujafika kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Nilimsindikiza ili nimtafsirie, ingawa daktari alizungumza Kiswahili. Aliutaja ugonjwa kwa jina refu, multipo sklerosisi, akaeleza kwamba askari wa mwili huvamia utando unaofunika mishipa ya fahamu, na kwamba joto huzidisha dalili kwa muda, kisha ubaridi huzituliza. Marehemu hakuuliza dawa. Aliuliza lile swali la mkutano: "Daktari, kaka yangu ni tumbo moja nami. Mbona yeye analima?" Daktari alisema kila mtoto hupata mchanganyiko wake wa tofauti ndogo ndogo katika urithi wa wazazi. Nyingi ya tofauti hizo haziharibu jeni yenyewe. Ziko pembeni, mahali panapoamua jeni iamshwe lini na kwa nguvu gani, hasa ndani ya chembe za kinga. Kila moja huongeza hatari kidogo tu, na wengi wanaozibeba hawaugui kamwe, kwa kuwa mambo mengine ya maisha nayo huchangia. Marehemu alifikiri. "Yaani mgambo wangu ni wazima, ila kengele yao inapigwa kupita kipimo." Daktari alimtazama kwa heshima, akamuuliza amesomea wapi. "Kizuizini," alijibu, kisha akanigeukia. "Dipuroma, umesikia mwenyewe. Nenda ukawaambie kwamba sikuwa kupe." Niliahidi. Halafu kila mwaka nilikuwa na shughuli.

Kwa hiyo nilikwenda kuzika. Waliobaki wa mkutano ule walikuwapo, wazee sasa, na watoto wa marehemu walikaa mbele. Niliomba nafasi ya kusema, na kaka yake akaitikia upesi mno. "Tulikuwa tunakungoja. Marehemu alituambia utakuja kuyasema. Akasema tukupe dakika kumi na tano, maana utaanza na cheti." Waombolezaji walicheka huku wakifuta machozi. Nilianza na cheti kweli, ni mazoea, kisha nikasema: "Alikuwa mgonjwa. Nilipoulizwa, sikujua, nami nikajibu." Mwenyekiti wa zamani alivua kofia yake. Binti mkubwa wa marehemu aliniuliza kama ningeweza kurudia, kwa sababu bibi, mama wa marehemu, hasikii vizuri. Nikarudia, kwa Kihangaza. Nilikikumbuka chote.

Nimerudi nikiitazama diploma yangu ukutani. Sijaliona kosa lake, na bado ni nzuri kuliko nyingi ninazoziona siku hizi. Ilikuwa nzima tangu mwanzo, kama zile jeni za marehemu. Kilichomnyima mtu maharage yake na jina lake ni mkono wangu, ulioipiga kama kengele siku ambayo ilipaswa kunyamaza.