Patipati ya Kijani ya Mama Mutua

Enzi zetu video ya muziki haikuwa kitu cha kutazama ukiwa chooni. Ulioga kwanza. Siku ya soko pale Masii, jenereta likikubali kuwaka, tulibanana kwenye mabenchi ya ukumbi wa video, magoti yetu mgongoni mwa waliotutangulia, tukinusa petroli na mandazi. Picha ikikwama, mwenye ukumbi aliizaba runinga kofi na muziki ukaendelea. Leo binti yangu Ndanu hutazama video kumi kabla chai yangu haijapoa, na ukimuuliza ya tatu ilihusu nini, anakuangalia kama umemwambia akariri jedwali la kuzidisha.

Nimesoma hadi chuo kikuu, na nimewahi kuandika kurasa nyingi kueleza kwa nini video fulani hukaa kichwani mwa watu. Niliandika juu ya rangi, mavazi, mwendo wa kamera. Kurasa zote hizo zilikuwa za kuukimbia mfano mmoja nilioujua vizuri kuliko mtu yeyote. Mfano huo ulikuwa mguuni mwa mama yangu.

Nilikuwa darasa la sita bendi moja ya benga ilipokuja kupiga video kwenye mto wetu, ule mto ambao karibu mwaka mzima huwa mchanga mtupu na maji unayachimba. Mwimbaji alisimama juu ya jiwe, suti nyeupe, viatu vyeupe, akifutwa vumbi kila dakika. Mama akatokea na wenzake kutoka kisimani, mtungi wa maji mgongoni, ukanda wa kuubebea umemkaza kipaji cha uso. Ngoma ilipolia hakuutua. Alicheza nao. Kichwa kilitulia, kiuno kikafanya kazi, na hakuna tone lililomwagika. Mpiga picha akamwacha mwenye suti yake, akashusha kamera polepole mpaka miguuni.

Mguu wa kulia ulikuwa na patipati ya bluu. Wa kushoto, ya kijani.

Ile ya pili ya bluu nilikuwa nimeikata mimi, kwa kisu cha jikoni, nikapata kwenye mpira wa ndara hiyo magurudumu manne ya gari langu la waya. Lilikuwa gari zuri, halikupiga kelele hata kwenye kokoto. Mama alipogundua alisema tu, "Mutua, leo umeniachia mguu mmoja," akaokota ya kijani iliyobaki pekee baada ya mbwa kuiba ile ya pili.

Wanabenga wetu wana desturi ya kuwataja watu ndani ya wimbo. Yule wa suti akainama akamuuliza, "Mwaitu, wewe ni mama nani?" Mwaitu kwetu ni mama. Naye hakutaja jina lake. Akajibu, "Mama Mutua," kwa sauti ya mtu anayetaja cheo. Wimbo ukatoka hivyo: Mama Mutua wa Masii, cheza, maji yasimwagike.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Jumamosi alasiri walimu walitufungulia runinga kwenye ukumbi wa kulia chakula. Kanda ikawekwa. Suti nyeupe ikaimba na hakuna aliyeijali. Kisha miguu ikajaza kioo, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Ona huyu! Mguu moja inaenda Masii, ingine inaenda Mitaboni!"

"Wee Mutua, si wewe ni wa Masii? Unamjua?"

"Masii iko na kina Mutua wengi kama mchanga," nikasema. "Simjui. Na mimi naitwa Fredi."

Shule yetu haikufuga jogoo, kwa hivyo hakuna aliyewika. Ila Kioko, jirani yetu wa nyumbani, alikuwa amekaa nyuma yangu. Alinitazama, kisha akaangalia sahani yake.

Likizo fupi ilipita, ikaja siku ya wazazi. Mama alikuja na isyo ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso, mahindi na maharagwe bado ya moto. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kufunika, vinavyolingana, alivyoazima kwa mke wa mchungaji. Vilikuwa vidogo. Alitembea kutoka getini kama mtu anayekanyaga miiba kwa adabu. Akasimama mbele ya wenzangu, akatabasamu, akaniita.

"Fredi."

Hakuwahi kuniita hivyo. Hata siku ya ubatizo alilitamka kwa shida, likitoka kama dawa. Na tangu siku ile hakuniita Mutua tena, hadi kifo chake, Ndanu akiwa na miaka mitatu. Sikuwahi kumuuliza Kioko alisema nini. Nilikula isyo yote, nikasema ni tamu.

Mwezi uliopita, hapa Syokimau, Ndanu aliniletea simu karibu inigonge pua. Kuna mtu ameipandisha ile video mtandaoni, na vijana wanaiigiza wakiwa na mitungi mitupu, wamevaa kiatu hiki na kile makusudi. Kizazi hiki nilichozoea kukicheka, kisichojua kuchemsha maharagwe bila kuuliza simu, kimekiona kwa sekunde kumi kile ambacho mimi nilikikimbia miaka thelathini.

"Dadi, cheki huyu mathe! Ni moto! Si wewe ni wa Masii? Unamjua?"

Ndanu anamjua nyanya yake, susu kama tusemavyo kwetu, kwa picha moja tu, ya kofia ya kanisani na koti. Nami kwenye vitabu, kazini, hata kanisani, ni Fredi Muli.

"Namjua," nikasema. "Ni susu yako."

Aliirudisha video nyuma. Akaitazama miguu, kisha uso, kisha uso wangu, akitafuta utani. Mwimbaji akaimba tena lile jina.

"Lakini dadi, anaitwa Mama Mutua," akasema. "Mutua ni nani?"

Zamani tuliulizwa swali gumu mbele ya ukumbi mzima, tukajibu upesi. Sasa niliulizwa jepesi, sebuleni kwangu, na mtoto anayenipenda, nami nikaitazama kwanza ile patipati ya kijani.

"Ni mimi."