Nilifunika Kutu kwa Mkeka

Kosa ni langu, nalisema mapema kabla hamjaanza kumlaumu fundi wala barabara. Jina langu niachieni. Mtaani kwetu Mabatini wote wanalijua, na kicheko chao kinanitosha.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka ule tulipokuwa tunangoja uhuru, nilinunua gari kuukuu kwa mchuuzi mmoja wa Igogo. Jamani, nililipenda gari lile! Kila Jumapili nalipeleka ziwani, nalisugua mpaka najiona kwenye boneti. Chini sikuangalia, wala sikutaka kuangalia. Yule mchuuzi alikuwa akilitumia kubebea samaki wa chumvi, na maji yao yalikuwa yamechuruzika sakafuni miaka na miaka.

Siku moja mchumba wangu, Kabula, aliangusha kitana kwenye kiti cha nyuma. Akainama kukitafuta, akakiona kupitia tundu la sakafu, kimelala barabarani.

"We! Kumbe gari lako lina dirisha hata chini?"

Tukacheka sana. Nikalipeleka kwa fundi. Akaingia uvunguni, akagonga kidogo tu na nyundo, kutu ikammwagikia usoni kama ugoro. Akatoka anapiga chafya.

"Hili liache kwangu wiki nzima. Nikwangue, nikate palipooza, nichomelee bati jipya."

Wiki nzima! Na sherehe za uhuru zilikuwa keshokutwa! Nilikuwa nimeshaahidi kumleta mama yake Kabula kutoka Kiseke kwa gari, mama ambaye hajapanda gari maisha yake yote. Watu wote wanione nashuka na wakwe! Nilikwisha jiona mkubwa kuliko gavana.

Basi nikafanya ujanja wangu. Nikapasua debe la mafuta ya taa, nikalilaza juu ya tundu, nikalipaka lami niliyookota penye matengenezo ya barabara. Juu yake nikatandika mkeka mpya. Ukiangalia, safi kabisa!

Kabula akaniuliza, "Kule chini umetengeneza?"

"Tayari."

"Kweli? Maana mama anaogopa. Kama bado, sema tu, tutatembea. Sisi tumezoea."

"Haki ya Mungu, Kabula, hapo hata tembo anakaa!"

Ole wangu!

Siku yenyewe nikafika Kiseke, nikachutama mbali, nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba akiangalia migomba, ndivyo inavyotakiwa. Kwetu Wasukuma mama mkwe humgusi, wala humkazii macho. Akapanda nyuma na binti yake, kavaa gauni jeupe na viatu vipya.

Jua lilikuwa kali, na kumbe lami yangu ilikuwa inayeyuka taratibu. Tukaruka korongo moja dogo. Nikasikia kraa! Halafu, "Uwiii!"

Nikakanyaga breki. Kugeuka, mguu mmoja wa mama mkwe umepita sakafuni, umesimama barabarani na kiatu chake!

Sasa nifanyeje? Kumshika siwezi. Kumtazama mguu, ndiyo kabisa! Kabula anavuta peke yake, na mama ni mtu wa mwili. Mimi nimewapa mgongo, nimeshika kichwa, nawapigia kelele wanawake waliokuwa wanatoka ziwani na ndoo zao. "Dada zangu, njooni! Mama mkwe wangu amekwama!"

Walikuja, wakavuta. Mama akatoka, muundi umechunika, gauni lote lami. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yeye akajitazama, akaanza kucheka mpaka machozi. Akawaambia wale wanawake, "Mwambieni mkwe wangu, kumbe hata kwenye gari abiria anatembea!"

Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikajua nimepona.

Kabula hakucheka. Alikuwa ameshika kile kipande cha debe.

"Nilikuuliza," akasema. "Mama hakutaka kupanda. Alipanda kwa sababu nilimwambia wewe husemi uongo."

Akamshika mama yake mkono, wakaondoka na wale wanawake. Mjini ngoma zinalia, watu wanashangilia uhuru, na mimi nimekaa kando ya barabara na gari langu linalong'aa. Haikupita muda mjomba wake Kabula akaja kurudisha posa. Nilimpigia magoti mjomba wa watu, nikalia kama mtoto. Wapi!

Ninyi mnaonunua magari ya zamani, ingieni uvunguni, mgonge, mwone. Na mkikuta tundu, mwonyesheni anayekaa juu yake, hata kama ni aibu. Mimi la kwangu fundi amekwisha lichomelea. Bati jipya, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ukiligonga linalia kama kengele. Kiti cha nyuma hakuna mtu.

Kabula alisema tutatembea. Na miguu yangu ilikuwa mizima yote miwili!