Kochi Lililokwama Ngazini

Kach. Mlio wenyewe ulikuwa mfupi, lakini fundi makochi aliubeba masikioni tangu utoto wake. Kiti cha plastiki kilimvunjikia sebuleni kwa shangazi yake, sahani mkononi, mbele ya ukoo mzima. Watu walicheka hadi machozi. Mjomba mmoja akasema, "Mpunguzieni huyo wali, atatumalizia viti." Hakuwa na nia mbaya. Kesho yake alikuwa ameshasahau.

Mvulana hakusahau. Tangu siku hiyo alikula amesimama, dirishani au mlangoni, akidonoadonoa kama kuku mgeni. Mbele za watu alikuwa ameshiba daima. Hata alipokuwa fundi, mteja akimuudhi, alishinda bila kula, kana kwamba njaa ingemwosha aibu. Akibaki peke yake jikoni, alikula mbiombio bila kuonja, kama mtu anayezima moto. Na kipande kimoja tu cha mkate kikizidi, kwake siku nzima ilikuwa imeharibika.

Hofu hiyo iliingia hadi kwenye kazi yake. Kila kochi lililotoka karakanani kwake lilikuwa na mbao maradufu, misumari ya kuezekea paa, na miguu minene kama nguzo za daraja. Wateja walifurahi. Wachukuzi walimpa jina: Fundi Zege.

Mkewe ndiye aliyempeleka kliniki kwa mshauri, mama mmoja wa maneno machache. Huyo alimfundisha kujiuliza, kabla ya kula au kukataa kula: "Anayesema hapa ni tumbo au ni moyo?" Na wazo baya likija, asipigane nalo wala asilitii. Aliambie, "Nimekusikia," kisha aendelee na shughuli zake. Fundi alicheka siku ya kwanza. Baadaye akaanza kukaa mezani na mkewe, mlango umefungwa. Mbele za watu, bado.

Jumamosi moja asubuhi mkewe alimwambia, "Binti yako naye siku hizi anakulia dirishani. Hata shuleni, mwalimu wake kaniambia. Akipewa kiti anasema ameshiba."

Fundi alimshika mtoto mkono wakaenda kupeleka kochi.

Mteja alikuwa mwalimu mstaafu, anakaa ghorofa ya tatu. Wachukuzi wanne walipanda wakihema, fundi akisukuma kwa nyuma, na kwenye kona ya ghorofa ya pili kochi likagoma. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma.

"Fundi Zege, hiki ni kiti au msingi wa nyumba?" aliuliza mchukuzi mrefu.

"Ungebeba kwa mdomo, lingeshafika."

"Ng'oa mguu mmoja basi lipite."

Fundi alijaribu. Misumari ya paa haikutikisika. Mwalimu mstaafu alishuka kuona, akashika ukuta kwa kucheka.

"Basi sebule yangu imehamia ngazini," alisema. "Kaeni, mle kwanza, akili zitarudi."

Akateremsha sufuria ya wali na maharage, na sahani za kila rangi. Wachukuzi wakajibanza kwenye kochi, wakaacha nafasi katikati. Jirani mmoja aliyekuwa anashuka na kikapu alipanda juu ya mkono wa kochi, akaomba radhi, akaenda zake.

"Kaa hapa, mjukuu wangu," mwalimu alimwambia mtoto.

Mtoto alipokea sahani, akasogea ukutani. "Sisi hatukai, bibi," alisema kwa fahari, kama anayetaja ukoo wake. "Mimi na baba tunakula tumesimama."

Wachukuzi walicheka, maana ilichekesha kweli. Wazo likamjia fundi likikimbia: watahesabu matonge yako. Lingine likafuata: ukikaa, watacheka tena. Akajiuliza swali la kliniki. Tumbo lilisema njaa. Lilikuwa limesukuma zege ghorofa mbili. Moyo ulisema hofu. Vyote viwili vilikuwa kweli, wala kimoja hakikukizuia kingine.

Nimekusikia, aliliambia wazo. Kisha akawaambia wachukuzi, "Sogeeni huko."

Akakaa.

"Makubwa haya," alisema mchukuzi mrefu. "Zege leo anakalia kazi yake."

"Naikagua."

"Kagua na maharage basi, yanapoa."

Hakuna aliyehesabu matonge. Mmoja alikuwa anahangaika na haragwe lililomwangukia shatini, wengine wanabishana ni nani aliyeshauri wapitie upande huu. Tonge la kwanza lilishuka kwa shida. La tatu lilikuwa na chumvi, na kitunguu, na utamu wa maharage yaliyoiva yakaiva. Mtoto alimtazama baba yake kwa muda, kisha akaja akajipenyeza kwapani mwake, akaanza kula huku akipiga miguu hewani na kuwauliza wachukuzi kama nao wana watoto.

Mwalimu akapita na upawa. "Nani hajatosheka?"

Mikono minne ikainuka. Fundi aliitazama sahani ya binti yake, ikiwa nusu, kisha yake, ikiwa tupu. Mwalimu alikuwa amefundisha miaka mingi, na alizoea kuwasikia wanaokaa nyuma kabisa. Ndiyo sababu alimsikia.

"Mimi, mwalimu," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Niongezee kidogo."