Radhi Niliyoitoa Barazani

Katika baraza letu la Kikwajuni, tunapokunywa kahawa baada ya sala ya alasiri, mimi ndiye niliyekuwa mwenye vita. Mmoja wetu alikuwa mwenye mpira, mwengine mwenye siasa, na mwalimu mstaafu wa historia alikuwa mwenye tarehe. Lakini redio ikitaja vita vya baharini, wote walinigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa baharia wa meli za mizigo miaka mingi, na niliwahi kupita Ghuba wakati majirani wawili wa kule wakipigana.

Kisa changu walikijua kwa moyo. Nahodha alituamuru tupake bendera kubwa juu ya sitaha, ili rubani yeyote aione kutoka angani ajue kwamba sisi si wa huku wala wa kule. Tulipaka siku mbili juani mpaka magoti yakachubuka, kisha tukapita salama. Nikimaliza kusimulia nilisema kila mara kwamba nchi isiyo na ugomvi na mtu haiguswi.

Kuna kipande nilikuwa sikisemi. Siku mbili baada ya sisi kupita, meli nyengine ilipigwa, nayo ilikuwa imepakwa bendera kama yetu, ya nchi isiyokuwamo vitani. Nilikuwa zamu ya usukani, na kwenye redio niliwasikia mabaharia wake wakiomba msaada mpaka sauti zikakatika. Barazani nilikiacha kipande hicho kwa sababu kisa kilipendeza zaidi bila yake, na mimi nilionekana mtu aliyeijua dunia.

Mwanangu alinifuata baharini, yeye upande wa injini. Siku ambazo meli za biashara zilianza kupigwa katika Bahari ya Sham, alinijia barazani Ijumaa moja. Aliwaamkia wazee wote, kisha akaniuliza kama tunaweza kuingia ndani. Nikamwambia hapa hakuna mgeni, aseme.

Akasema amepata mkataba wa meli itakayopita kule, amekuja kutaka radhi zangu. Halafu akasema wenzake wawili wameukataa mkataba huo huo. Akatazama chini, akasema mkewe halali vizuri tangu asikie.

Kwetu sisi mtu mzima mwenye mke hasemi kwamba anaogopa. Huenda kwa mzee wake kutaka radhi, na mzee akiona haifai humzuia, na hapo mambo yamekwisha. Hakuna atakayemwita mwoga. Watu watasema mzee wake kamkataza. Mimi mwenyewe niliiacha bahari kwa njia hiyo hiyo. Nilikwenda kwa mama yangu kutaka radhi za safari ambayo moyo wangu haukuitaka, naye akanitazama, akasema sikupi. Kwa hivyo nilielewa mwanangu alikuja kutafuta nini. Lakini wenzangu walikuwa wakisikiliza, na mimi ndiye mwenye vita. Nikainua mikono, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Nenda, mwanangu. Radhi zangu zote unazo. Sisi hatuna ugomvi na mtu." Wakaitikia amin. Akanibusu mkono, akaondoka.

Meli ilipigwa kwa ndege ndogo isiyo na rubani. Mpishi wao alifariki. Mwanangu alirudi baada ya wiki nyingi hospitali za ugenini, sikio la kushoto halisikii tena.

Alipopata nguvu nilimwuliza, nyumbani kwake Chukwani, meli yao ilikuwa na kosa gani. Alinieleza taratibu. Mwenye meli alikuwa wa nchi moja, bendera ya nchi ya pili, ngano ikipelekwa nchi ya tatu, na mabaharia wa kila pembe. Hakuna hata nchi moja katika hizo iliyokuwa vitani. Lakini mwenye meli alikuwa na chombo chengine, na chombo hicho kiliwahi kutia nanga katika bandari ya upande mmoja wa wanaopigana. "Basi ikawa na sisi tumo," alisema.

Nilipokuwa sekondari tulifundishwa kwamba vita vikubwa vya kwanza vilianza kwa mrithi wa ufalme kupigwa risasi, kisha nchi zikavutana moja baada ya moja kwa sababu ya ahadi walizopeana wakubwa wao. Tulikariri tarehe, tukafaulu. Hatukufundishwa vita vile vilifikaje kwa babu yangu, mkulima wa muhogo kusini ya Unguja, ambaye hajawahi kulisikia jina la mrithi huyo. Alichukuliwa akavushwa bara kubeba mizigo ya jeshi kichwani, akarudi na miguu isiyoweza tena kuvaa kiatu. Hakuna aliyemwuliza yuko upande gani. Sasa naona kwamba vita havingoji nchi itangaze kuwa imeingia. Anayeazima bandari, anayekodisha meli, anayebeba mzigo, kila mmoja anasema yeye yuko kazini tu, na nyuma yao wako wazee wenye vikombe vya kahawa wanaowahakikishia vijana kwamba hayo hayatuhusu. Katika hao wa mwisho nilikuwamo mimi.

Siku hiyo hiyo, kule Chukwani, mkwe wangu alinikuta peke yangu ukumbini. Hakukaa.

"Baba, mume wangu hakuja kwako kuaga."

"Najua."

"Alikuja umkataze."

"Najua, mwanangu."

"Ulijua siku ile, au umejua leo?"

Nikamwambia siku ile. Akainama akaokota vikombe, akaingia jikoni, na hakunisemesha tena mpaka nikaondoka.

Mwaka huu wakala wa mabaharia alimpigia simu mwanangu. Meli nyengine, njia ile ile, na wanasema sasa kumetulia. Mwanangu akaniambia atakuja Ijumaa kutaka radhi. Ilikuwa Jumanne. Niliona kwamba nikingoja Ijumaa, na baraza likijaa, naweza kuharibu tena, kwa hivyo sikungoja.

Alasiri ile ile niliwasimulia wenzangu kisa changu cha Ghuba, na mara hii sikuacha kitu. Niliwaeleza na zile sauti za redioni. Mwenye mpira akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo miaka yote hii ulikuwa ukitupiga fiksi?"

"Nusu yake."

"Na sisi tulikuwa tukiipenda nusu hiyo hiyo, bwana."

Wakacheka kidogo, na mimi nikacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza kwa nini nimeamua kusema leo. Nikamwambia, "Mwanangu anaitwa tena, na mimi simpi radhi. Nataka mjue kuwa ni mimi niliyemzuia." Mwenye siasa akanichokoza kwamba mtaani watasema baharia mzima kaogopa maji. Nikamjibu waseme, maadamu wananisema mimi.

Asubuhi ya pili nilikwenda Chukwani. Mwanangu aliniamkia, akanielekezea sikio lake la kulia, akaanza maneno ya kutaka radhi. Nilimkatiza.

"Radhi zangu kwa safari hii huna."

"Wanasema kumetulia, baba."

"Na sisi kule Ghuba tuliambiwa hivyo hivyo." Nikamweleza habari ya ile meli nyengine, kama nilivyoieleza barazani.

Akaniuliza, "Hili ulikuwa ukilijua siku uliyonipa radhi?"

"Nilikuwa nikilijua."

Aliinuka akatoka uani. Nilitarajia ataona nafuu, lakini alikuwa na hasira, na haki ilikuwa yake. Sikumfuata, wala siku hiyo sikumwomba msamaha, maana ingekuwa kumpa mzigo mwengine aubebe kwa ajili yangu. Nilikaa nikasubiri.

Aliporudi alikuwa na simu mkononi. Alimpigia wakala hapo hapo mbele yangu, akamwambia maneno machache tu, kwamba mzee wake hakumpa radhi. Alisikiliza kidogo, akashukuru, akakata simu. Nikamwuliza wakala kasemaje.

"Kasema kama mzee kakataa, basi hapo hakuna maneno."

Akakaa kitini, kisha akaniuliza, "Na kula tutakula nini, baba?"

Nikamwambia hilo silijui, lakini kesho tutakwenda pamoja kwa mafundi wa mashine za boti ninaowafahamu, na nitamsemea. Akanijibu kwamba kusema atasema mwenyewe, mimi nimwonyeshe mlango tu. Nikakubali. Siku ya pili, saa moja ya asubuhi, tulikuwa njiani, nami nikitembea upande wake wa kulia.